Soma mkato kabla ya jina: mwongozo kamili wa kukusanya kadi za besiboli zilizochapwa kwenye maboksi ya dukani

Kadi nyingi za besiboli za zamani zilitoka kiwandani zikiwa zimekatwa tayari. Kampuni kama Topps ilichapa karatasi kubwa, mashine ikazikata vipande vya ukubwa mmoja, vikafungwa pamoja na bigijii na kupelekwa dukani. Mwongozo huu hauhusu hizo. Unahusu zile zilizochapwa kwenye boksi lenyewe la bidhaa, mgongoni au chini yake: boksi la siriali, la keki, la jeli, la bigijii. Kilichomo kikiisha, mtoto wa nyumba alichukua mkasi akakata.

Maana yake ni kwamba aliyekamilisha kadi hizi si kiwanda. Mchezaji anaweza kuwa yuleyule, mwaka uleule, boksi la aina ileile, lakini kadi moja imekatwa kwa utulivu na nyingine imeliwa pembe, na bei zao hazikaribiani hata kidogo. Anayeanza hutazama jina: Mickey Mantle, Willie Mays, Roberto Clemente. Aliyezoea hutazama kingo nne, kisha ndipo anauliza ni nani kwenye picha. Ukishika hilo moja tu katika haya yote, utakuwa umeokoa pesa nyingi.

Ndani ya boksi, au ni boksi lenyewe?

Anza kwa kutofautisha, maana wauzaji wengi huchanganya. Kuna kadi zilizowekwa ndani ya bidhaa kama zawadi, na kuna zilizokuwa sehemu ya kifungashio. Kadi za Cracker Jack za 1914 na 1915 zilikaa ndani, pamoja na bisi zenye karameli, ndiyo maana nyingi zina madoa. Kadi za Kellogg's zenye picha inayoonekana kama ina kina, zilizoanza 1970, nazo zilikuwa ndani ya boksi la siriali. Hizo zote zilikatwa kiwandani na hupimwa kwa sheria za kawaida: ukikuta moja ni ndogo kuliko ndugu zake, kuna mtu kaipunguza.

Kadi ya kwenye boksi haina ukubwa mmoja wa lazima. Ina ukubwa unaotarajiwa iwapo mkataji alifuata mstari. Kwa hiyo ukiambiwa kadi "imekatwa kwa mkono", hiyo si kasoro. Ndivyo zilivyo zote. Swali ni mkono huo ulipita wapi.

Matoleo yanayofaa kujulikana

Sitayataja yote, mengine yalitoka mji mmoja tu na huenda usiyaone maishani. Haya ndiyo utakayokutana nayo.

Wheaties, siriali ya General Mills ya Minneapolis, ilianza kuweka wachezaji mgongoni mwa maboksi katika miaka ya 1930. Ni vipande vikubwa, vya kupendeza, na vingi vimechakaa. Si mahali pa kuanzia.

Post, kampuni nyingine ya siriali, ndiyo moyo wa mchezo huu. Mwaka 1960 walijaribu na wanamichezo tisa tu, nyuma ya maboksi ya Grape-Nuts: wachezaji watano wa besiboli, akiwemo Mantle, pamoja na wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Kila picha ilikuwa karibu na ukubwa wa mgongo mzima wa boksi. Mwaka 1961 wakaingia kwa nguvu: wachezaji 200, kadi za sentimita 8.9 kwa 6.4 zilizolala, picha ya rangi, takwimu upande wa mbele, na nyuma hakuna chochote. Ukihesabu tofauti zote ndogondogo za maandishi na za aina ya karatasi, kadi za 1961 zinazidi 350. Chanzo cha utitiri huo ni kwamba mbali na maboksi, uliweza kuagiza kwa posta karatasi yenye kadi 10, na kadi hizo zilitenganishwa kwa vitundu badala ya mkasi.

Mwaka 1962 Post walirudia na wachezaji 200 tena. Safari hii jina la mchezaji liko kwa mwandiko wa mkono na nembo nyekundu ya Post ipo mbele. Katika ligi mbili kuu za Marekani, namba 1 hadi 100 ni wachezaji wa American League, 101 hadi 200 ni wa National League, mpangilio unaorahisisha sana kuhakiki ulichonacho. Boksi moja lilibeba kadi tano hadi saba. Kanada nao walipata toleo lao mwaka huohuo, lenye Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 1963 likatoka toleo jingine la 200, na hapo Post wakafunga ukurasa huo.

Jell-O ni jeli ya unga, na mwenye mali alikuwa General Foods, yuleyule aliyemiliki Post. Kadi zake za 1962 zilitoka eneo la kati-magharibi ya Marekani pekee, na ziko 197 badala ya 200: Brooks Robinson, Ted Kluszewski na Smoky Burgess hawamo. Zilifuatiwa na 200 za mwaka 1963.

Bazooka, bigijii ya Topps, ilichapa kadi chini ya maboksi yake kuanzia 1959. Mwaka huo wa kwanza kila boksi lilikuwa na mchezaji mmoja mkubwa, na seti nzima ni kadi 23. Kuanzia 1960 wakabadili: kadi tatu ndogo kwa pamoja chini ya boksi, 36 kwa mwaka huo.

Hostess, watengenezaji wa keki za Twinkies, walitoa kadi 150 kila mwaka kuanzia 1975 hadi 1979. Kadi tatu zilikaa kwenye kitako cha boksi la familia, kwa hiyo seti ni vitako 50. Hapo sasa wakusanyaji walikuwa wengi na wanajua wanachofanya, ndiyo maana vitako ambavyo havijakatwa vinapatikana hadi leo, na hata maboksi mazima.

Mwisho kuna vitako vya maboksi ya Topps yenyewe ya miaka ya 1980, yale makubwa yaliyokaa kaunta yakiwa na pakiti ndani. Mwaka 1986 yalikuwa na kadi 16 zenye herufi A hadi P badala ya namba, nne kwa kila boksi. Hizi ni rahisi mno, na kwa mtu anayetaka kuzoeza jicho lake bila kuumia, ndizo ningemwambia anunue kwanza.

Chagua njia moja

Kosa la kawaida ni kununua kila kitakachojitokeza. Baada ya miezi sita una bahasha ya vipande visivyohusiana na hujui unapokwenda.

Njia tatu zina mantiki. Ya kwanza ni seti ya mwaka mmoja. Hostess ya mwaka wowote au Post ya 1962 zinafaa. Ya pili ni timu moja kupitia matoleo yote, ambayo nadhani ndiyo nzuri zaidi kwa mtu anayeishi Marekani, kwa sababu timu ya mji wako ndiyo inayouzwa kwa wingi jirani na wewe. Ya tatu ni mchezaji mmoja. Clemente, aliyetoka Puerto Rico, ana wafuasi wengi, na kadi zake za Post ni njia ya kumpata akiwa bado uwanjani bila kugusa bei za Topps.

Tahadhari kuhusu seti kamili: kuna kadi chache katika kila mwaka ambazo ni adimu kuliko nyingine, na mara nyingi sababu haina uhusiano na umaarufu wa mchezaji. Kadi ilichapwa kwenye boksi la bidhaa fulani na saizi fulani. Siriali ambayo watoto hawakuipenda, au boksi la jeli la saizi ambayo akina mama hawakuinunua, lilibaki rafuni na kadi zake nazo. Ndivyo mchezaji wa kawaida kabisa, ambaye hata mashabiki wa timu yake wamemsahau, anavyoweza kukugharimu zaidi ya nyota. Kabla ya kuanza seti, tafuta orodha ya adimu zake na uanze na hizo. Ukiziacha mwisho utakwama na kadi 190 na hamu iliyokwisha.

Vifaa

Huhitaji vingi. Rula ya milimita. Lenzi ya kukuza mara 10, ile ya sonara. Tochi ya kawaida na tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Mifuko laini ya plastiki isiyo na PVC na kava ngumu za kuiwekea. Kadi za Post zina ukubwa wa kadi za leo, kwa hiyo mifuko ya kawaida inazitosha. Za Hostess ni ndogo, sentimita 5.7 kwa 8.3, na za Bazooka za 1960 ni ndogo zaidi. Zikikaa kwenye mfuko wa kawaida zitacheza na pembe zitaumia.

Kusoma mkato

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Chukua kadi ya Post ya 1962, iweke kwenye karatasi nyeusi chini ya taa, na usisome jina.

Tazama kwanza mistari. Kadi ina mstari wa mpaka unaoonyesha mkasi ulitakiwa kupita wapi. Zunguka kingo zote nne. Je, mstari unaonekana pande zote? Umepotea upande mmoja? Umeonekana mwanzo wa ukingo ukatoweka katikati, dalili kwamba mkasi uliteleza? Kadi yenye mstari kamili pande nne ni bora. Iliyopoteza mstari upande mmoja imeshuka daraja kwa kiasi kikubwa. Mkato ukiingia ndani hadi kula picha au kisanduku cha takwimu, hiyo ni ya kujazia nafasi tu hadi upate nyingine, na ilipiwe hivyo.

Sasa weka lenzi kwenye ukingo. Mkasi wa mtoto huacha vituo: ulipofunga na kufunguliwa tena kuna kijino kidogo, na baada yake mwelekeo hubadilika kwa nywele moja. Kata ya mashine ya ofisini haina vijino, ni mstari mmoja wa moja kwa moja. Hakuna ubaya kwa hii ya pili, ila jiulize imekatwa lini. Ukingo uliokatwa miaka ya 1960 umefifia na kuchafuka pamoja na kadi. Ndani ya kadibodi pana rangi ileile ya uchovu. Ukingo mpya ni mweupe au mwepesi zaidi, nyuzi zake bado kali. Ukikuta kingo tatu za zamani na moja mpya, mtu kaisawazisha kadi juzi ili ionekane imenyooka. Wengine watakuambia kwamba kwa kadi ya kukatwa kwa mkono hilo si kitu, mradi mstari bado upo. Mimi huomba bei ipungue.

Geuza nyuma. Panapaswa kuwa na kadibodi tupu. Mabaki ya gundi, karatasi iliyobanduka, au alama za kona nne za albamu ni kawaida, kwa sababu watoto walibandika. Doa la gundi lisilopenya mbele naliacha lipite. Tabaka lililochanika silinunui, kwa sababu kadibodi hiyo ni ya matabaka na huendelea kujiachia.

Kumbuka pia kwamba jirani huathiri. Kwenye Hostess kadi tatu hazichangii mpaka. Kuna nafasi kati yake, kwa hiyo kila moja inaweza kukatwa vizuri. Kwenye matoleo ambayo kadi mbili zinachangia mstari mmoja, mstari huo ulikwenda kwa mmoja tu. Kadi uliyo nayo huenda imekosa mstari kwa sababu mtoto alimpenda zaidi aliyekuwa pembeni.

Kadi moja, kipande kizima au boksi

Vitu hivi huuzwa katika hali tatu. Kadi moja moja, kipande kisichokatwa chenye kadi zake zote, na boksi kamili, mara nyingi likiwa limebapishwa. Thamani hupanda kwa mfuatano huo, na mara nyingi kipande kizima kinazidi jumla ya kadi zake zikiwa mbalimbali. Ni kama doti ya khanga: ukishazitenganisha hakuna njia ya kurudi. Hivyo usikate kipande ulichokipata kizima, hata kama kadi unayoitaka iko katikati na mbili za pembeni huzitaki. Uza kipande, nunua kadi.

Kuna wanaotengeneza "kipande" kwa kuziweka kadi tatu pamoja kwenye fremu. Toa kwenye fremu. Kadibodi lazima iwe moja isiyokatika, na mikunjo ya boksi iendelee kutoka kadi moja hadi nyingine.

Kutofautisha ndugu wanaofanana

Hapa ndipo wauzaji wa mtandaoni hukosea zaidi, mara nyingine kwa faida yako.

Post na Jell-O za 1962: Jell-O haina nembo nyekundu ya Post, na kisanduku cha takwimu hakina fremu ya rangi nyekundu au buluu. Ni suala la kutazama tu.

Post na Jell-O za 1963: hizi zinahitaji rula. Jell-O ni fupi kwa upana, kama sentimita 8.3 dhidi ya 8.9. Lakini kwa kuwa mkasi unaweza kudanganya, tegemea zaidi mstari mwekundu unaotenganisha takwimu za 1962 na za maisha yote. Kwenye Post mstari huo unakaribia kufika mipaka ya pande zote mbili. Kwenye Jell-O unaanza na kuishia karibu na takwimu zenyewe.

Post ya 1961 ya boksi na ya posta: tafuta mabaki ya vitundu ukingoni, na upime unene kwa vidole ukilinganisha na kadi unayojua ilitoka kwenye boksi. Aliyekata vitundu kwa mkasi amekuachia unene tu kama ushahidi.

Mantle na Roger Maris wa 1962: Maris alikuwa ametoka kupiga mipira 61 ya kutoka nje ya uwanja msimu wa 1961, akavunja rekodi ya Babe Ruth ya 60 iliyosimama tangu 1927. Post wakatumia joto hilo: waliweka kadi za wawili hao kama tangazo ndani ya gazeti la Life. Karatasi yake ni nyembamba kuliko ya boksi na ina pembezoni nyeupe. Ni kitu halali kabisa kukusanya, lakini si kadi ya boksi, na hupaswi kuilipia kama kadi ya boksi. Ukipata gazeti zima, fungua uone kama ukurasa huo bado upo kabla ya kutoa hela.

Mahali pa kutafuta

Kwa walioko Marekani, anza na mauzo ya vitu vya nyumba, yale yanayofanyika mwenye nyumba akifariki au akihamia kwa watoto. Usiulize kadi za besiboli peke yake. Uliza albamu za kubandika, daftari za utotoni, maboksi ya zamani ya jikoni. Familia inajua kadi ni zile za pakiti. Mgongo wa boksi la siriali huonekana ni takataka.

Kundi la pili ni wakusanyaji wa vifungashio, watu wa makopo, chupa na maboksi ya matangazo. Wao hupima boksi kwa rangi na umri, na bei zao haziangalii sana nani yuko kwenye picha.

Mtandaoni, kwenye eBay, tafuta kwa maneno ambayo wauzaji huandika: "panel", "hand cut", "box bottom", pamoja na jina la bidhaa na mwaka. Kisha chuja uone zilizouzwa tayari. Bei aliyoandika muuzaji ni matumaini yake. Bei iliyolipwa ndiyo habari. Kusanya angalau mauzo kadhaa ya kadi ileile, yenye mkato unaokaribiana, kabla ya kuamua.

Kuna pia maonyesho. Kubwa kuliko yote ni National Sports Collectors Convention, linalofanyika kila kiangazi na kuhama mji baada ya mji tangu 1980. Faida yake si bei bali kushika kadi mia moja mkononi kwa siku moja, jambo ambalo picha za simu haziwezi kukupa. Nenda mezani mwa wauzaji wa kadi za maboksi ya chakula, uliza kwa adabu, na usiweke kadi ya mtu juu ya meza bila mfuko.

Bandia

Kadi hizi nyingi ni za bei ndogo, kwa hiyo wadanganyifu hawazisumbui zote. Wanawafuata Mantle, Clemente, Sandy Koufax na wenzao. Nyuma kuwa tupu kunawarahisishia, kwa sababu wana upande mmoja tu wa kuiga.

Weka lenzi kwenye eneo la ngozi ya uso. Uchapaji wa wakati ule unaonyesha nukta za rangi zilizopangwa kwa utaratibu, na herufi nyeusi zina kingo safi zisizo na nukta. Nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya ina herufi zilizojengwa kwa nukta, au rangi iliyotawanyika kama vumbi. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Mwanga wa urujuanimno unasaidia kwa vitu vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, kama vipande vya Wheaties: karatasi ya wakati huo haikuwa na kemikali za kung'arisha, kwa hiyo ikiwaka buluu kali, ondoka. Kwa kadi za miaka ya 1960 na 1970 usikitegemee peke yake, maana kemikali hizo zilikuwa zimeshaingia viwandani. Linganisha na kadi ya bei rahisi ya toleo lilelile ambayo hakuna mtu angejisumbua kuiga. Zote mbili zifanane.

Kupeleka kupimwa

Kampuni kama PSA, iliyoanza 1991, SGC na Beckett huthibitisha kadi, huipa alama, na kuifunga kwenye plastiki ngumu. Kwa kadi za kukatwa kwa mkono jambo la kwanza wanaloangalia ni mipaka. Ikiwepo, kadi inaweza kupewa namba. Ikiwa imekatwa ndani ya mstari, utapewa neno la kuthibitisha kuwa ni halisi tu, bila namba.

Piga hesabu kabla. Gharama ya kupima na usafirishaji wa kwenda na kurudi huzidi thamani ya kadi nyingi za wachezaji wa kawaida. Peleka nyota wenye mistari minne, peleka kadi ambayo utaiuza kwa mtu wa mbali asiyekufahamu. Nyingine kaa nazo.

Kutunza

Kadibodi ya siriali ni ya bei nafuu na ina asidi. Haikutengenezwa idumu zaidi ya wiki mbili za kifungua kinywa. Mwanga wa jua huiua haraka, kwa hiyo fremu ya ukutani iwe mbali na dirisha. Usiweke darini wala ghorofa ya chini ya ardhi, joto likipanda na kushuka kadibodi hupinda.

Usioshe. Kuna watu hulowesha kadi za zamani za sigara ili kutoa gundi, na wengine hufaulu. Kadibodi ya matabaka ya boksi hufumuka ikilowa. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya kupaka rangi, basi. Madoa ya mafuta ya keki kwenye kadi za Twinkies hayatoki. Chagua unayoweza kuishi nayo.

Boksi zima lihifadhi likiwa limebapishwa kwa mikunjo yake ya asili, katikati ya karatasi mbili zisizo na asidi. Lisipokubali kubapa, usililazimishe, kadibodi kavu huvunjika kwenye mkunjo. Kagua ndani kabla ya kuliingiza nyumbani: unga wa sukari na gundi ya wanga ni karamu ya mende na wadudu wa vitabu.

Wenye makusanyo yao Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar wana adui wa ziada, unyevu. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa huhifadhi unyevu ndani na kuotesha kuvu. Tumia kasha la plastiki lenye kifuniko, vifuko vya kukausha unyevu ndani yake, na ubadilishe vifuko hivyo vikichoka. Fungua kasha siku kavu, si wakati wa masika.

Kumbukumbu na kusafirisha

Andika kila kadi unapoinunua: toleo, namba, mistari mingapi inaonekana, nyuma ikoje, umelipa kiasi gani. Piga picha mbele na nyuma. Orodha hiyo inakuzuia kununua kadi uliyo nayo, jambo linalotokea haraka ukifika kadi ya 80 au 90 katika seti ya 200, kwa kuwa picha za Post zinafanana mno.

Ukinunua kupitia ndugu aliyeko Marekani ili akutumie au aje nayo likizo, mwambie mapema asifungue kilichofungwa na asiweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Kadi moja iingie mfuko laini, kisha kava gumu, kisha katikati ya kadibodi mbili zilizo kubwa kuliko kava. Kipande cha Hostess kina urefu wa sentimita 18 na zaidi, kwa hiyo kadibodi zake zizidi hapo kwa vidole viwili kila upande. Utepe wa gundi ushike kadibodi, usiguse kava, na ncha yake ikunjwe kidogo ili mpokeaji aifungue kwa kidole bila kutafuta kisu.